Nani alifuta kurasa tatu za mwenzetu?

Najua nimeadimika, ni hizi tesiti tu. Leo nina jambo linanikera, na kinachokera zaidi ni kwamba mkosaji ni mimi.

Wiki mbili zilizopita grupu letu la watu nane lilipewa asaimenti ya saikolojia ya elimu. Kila mtu kipande chake, na mimi kwa kuwa nina laptop nikapewa kazi ya kuunganisha. Mnajua inavyokuwa: faili moja linakuja kwa WhatsApp, lingine kwa flashi, lingine limeandikwa "mwisho", linafuata "mwisho kabisa", halafu "mwisho kabisa hili ndilo". Saa nane usiku nikabandika, nikasevu, nikalala. Siku ya kukusanya, sehemu ya jamaa mmoja kuhusu Vygotsky haipo. Kikao cha dakika tano nje ya ukumbi kikaamua kwamba hakufanya kitu, jina lake likakatwa kwa kalamu. Jamaa akasema tu, "Nilituma jamani," akanyamaza. Mimi nilikuwa wa kwanza kutikisa kichwa.

Jumapili nafungua flashi, kurasa tatu hizi hapa. Nilibandika faili la zamani juu ya jipya!

Mwenzangu wa chumbani anasoma kompyuta. Alicheka kwanza, kisha akaniambia kwamba waandishi wa programu waliugua ugonjwa wetu zamani. Chukulia Linux. Linus Torvalds alikuwa anapokea marekebisho ya watu kwa barua pepe na kuyapachika mwenyewe, mpaka yakawa yanapotea. Mwaka 2002 wakahamia BitKeeper, programu ya kampuni. Mwaka 2005 kampuni ikaondoa ruhusa ya kuitumia bure, basi Aprili mwaka huo huo Torvalds akaandika ya kwake, Git, na ndani ya siku chache tu Git ikawa inatunza hata maandishi yake yenyewe.

Kilichonigusa ni namna inavyofanya kazi. Kila badiliko linaingia na jina la aliyelifanya, saa, na maelezo mafupi ya kwa nini. Watu wawili wakigusa mstari mmoja, Git inagoma kuunganisha mpaka mtu akae aamue. Na ipo amri inayoonyesha kila mstari uliguswa mwisho na nani, inaitwa "git blame", yaani lawama. Ingekuwepo kwetu, lawama ingenidondokea mimi saa ile ile, pale pale nje ya ukumbi.

Kwa hiyo msimamo wangu: kazi ya kikundi isiyo na daftari la mabadiliko ni mahakama isiyo na ushahidi. Tunahukumu kwa sura. Mpole anaonekana mvivu, mwenye laptop anaonekana mchapakazi. (Najua Git na faili la Word haviivi chungu kimoja, nimeshachekwa kwa hilo. Lakini hata Google Docs inatunza historia, na wengi wetu tunayo kwenye simu.)

Ila msidhani nimeshaingia dini mpya. Mwaka 2024 yalitokea mambo ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye kompyuta nyingi mno za Linux. Aliyeitunza kwa miaka mingi ni mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 alikwishasema wazi kwamba uwezo wake umepungua, huku watu wakimsukuma aongeze kasi. Akajitokeza msaidizi mwema akijiita Jia Tan, akaaminiwa, na baadaye akapenyeza mlango wa siri. Sehemu aliificha ndani ya mafaili ya majaribio, na kiwashio akakiweka kwenye kifurushi cha kupakua tu, daftari la Git likawa halina. Aliyegundua ni Andres Freund, mwezi Machi, baada ya kuona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde!

Daftari lilikuwepo miaka yote hiyo. Lilionyesha nani ameandika nini, lakini halina safu ya kuandika kwamba mtunzaji kaelemewa. Hilo lilitaka mtu wa kuuliza.

Na sisi je? Watu saba tulisimama pale na hakuna aliyemwambia jamaa, hebu tuonyeshe ulichotuma. Ni sekunde thelathini kwenye simu yake.

Jana nimempelekea mhadhiri zile kurasa na barua ya kueleza. Kasema ataangalia, hakusema zaidi. Jamaa nimemfuata kantini, nikamwomba radhi mbele ya watu. Kaitikia, kamaliza chai yake, kaondoka. Asaimenti inayofuata grupu ni lile lile, tunakutana Ijumaa saa kumi.