Mrututu Hauhitaji Mkalimani



Tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nimeisikia hoja ileile: ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na maghani, elimu ya kemia hakiiwezi. Leo naipinga kwa kitu kimoja tu, mrututu.

Chukua unga mweusi wa oksidi ya shaba, uutie katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, upashe moto taratibu huku ukikoroga. Weusi hutoweka, na kimiminika hugeuka buluu. Maji yakipungua, hubaki fuwele za buluu za salfati ya shaba, ambayo Waswahili waliiita mrututu zamani. Kanuni yake ni hii: oksidi ya metali ikikutana na asidi, huzaa chumvi na maji. Niambieni, ni neno lipi hapo lililomshinda Mswahili?

Nilifundisha kanuni hiyo Moshi, kwa watoto walioshuka kutoka vihamba vya kahawa na migomba. Waliikariri kwa Kiingereza bila kukosea hata silabi. Nikawauliza kwa Kiingereza hichohicho kwa nini ndimu huondoa kutu kwenye panga. Darasa zima kimya. Nikarudia kwa Kiswahili. Binti mmoja wa nyuma akasimama: “Mwalimu, kutu ni oksidi ya chuma, na ndimu ina asidi.” Alikuwa analijua jibu siku zote. Nami, naungama, nimewahi kuwapa sufuri watoto walioandika jibu sahihi kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa.

Wapo wanaosema “chumvi” ni neno la jikoni, litawachanganya wanafunzi. Je, Waingereza walilitoa wapi lao, kama si jikoni? Tena litazameni jina “oksijeni”. Lavoisier aliliunda kwa Kigiriki kwa maana ya “kizaa asidi”, akidhani kila asidi ina oksijeni. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kuwa sivyo. Na kama tulivyoona, oksidi za metali huizima asidi, haziizai. Jina lilikosea, nalo linatumika hadi leo duniani kote. Basi kwa nini Kiswahili peke yake kidaiwe ukamilifu kabla ya kuruhusiwa kuingia maabara?

Istilahi hatujazikosa. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Hata hivyo mtoto anayemaliza darasa la saba kwa Kiswahili bado hukutana na kemia ya sekondari kwa lugha asiyoimudu, kisha tunamwita mzito wa akili.

Lawama nyingine ni yetu sisi wenye kalamu. Tumetunga sana juu ya mapenzi na theluji ya Kibo, maabara tukaiachia lugha ya wengine. Naanza mimi, nanyi mnijibu:

*Kutu ikipewa ndimu, huachia chuma chetu,*
*Huyeyuka kwa awamu, ikitazamwa na watu,*
*Chumvi na maji fahamu, huzaliwa mbele yetu,*
*Kuyanena si vigumu, lugha haishiki kutu.*