Dawa Iliyofichwa katika Makapi ya Mkonge

Apitaye kando ya kiwanda cha mkonge, kiwe cha Voi, cha Kilifi au cha Tanga, hana haja ya kuuliza njia: pua yake itamwongoza. Mashine ikisha kukwangua majani, nyuzi huanikwa juani, na makapi pamoja na maji ya kijani huachwa kando. Katika ratili 100 za majani, nyuzi kavu hazizidi ratili 5. Yote yaliyosalia yalihesabiwa kwa miaka mingi kuwa takataka, yakaachwa yaoze au yakamwagwa mtoni na kuharibu maji.

Lakini baada ya mwaka 1948 takataka hizo zilianza kutazamwa kwa jicho lingine. Mwaka huo, huko Marekani, Daktari Philip Hench alimpa dawa iitwayo kotizoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Siku chache baadaye mwanamke huyo alitembea. Habari zikaenea ulimwenguni, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, furaha hiyo ilikuwa na dosari. Kotizoni ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na nyongo nyingi ilitoa dawa kidogo sana. Wagonjwa walikuwa wengi, dawa haba na ghali. Ndipo wataalamu wa Uingereza walipougeukia mkonge wa Afrika ya Mashariki. Katika maji ya majani yake mna kitu kiitwacho hekojenini, ambacho umbo lake lakaribia lile la kotizoni.

Njia ya kukipata haikuwa ya ajabu. Maji ya majani yaliachwa siku kadhaa yachachuke yenyewe, mpaka tope likatuama chini. Tope hilo lilichemshwa pamoja na tindikali, ili kuitenga sukari iliyoshikamana na hekojenini. Kisha likachujwa, likaoshwa na kukaushwa. Huko Uingereza kampuni ya Glaxo ilitumia hekojenini kutengeneza dawa za jamii ya kotizoni.

Yafaa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, dawa hizo hutuliza maumivu wala haziung'oi ugonjwa, na mtu akizitumia bila uangalizi wa daktari zaweza kumdhuru. Pili, si kila takataka ni mali. Makapi ya mkonge yalifaa kwa kuwa mashine ilikuwa imekwisha kuyakusanya mahali pamoja. Kama ingalibidi kuyaokota jani moja moja shambani, gharama ingalimeza faida yote.

Basi mwenye kiwanda cha kahawa, cha miwa au cha mkonge asihesabu tu kile apelekacho sokoni. Na ahesabu pia kile kimtokacho kwa mlango wa nyuma, kwani huenda huko ndiko iliko nusu ya mali yake.