Tembe ya Usiku, Mtihani wa Asubuhi

Kila msimu wa mitihani ya kitaifa unapokaribia, huulizwa swali lile lile na wazazi: je, mtahiniwa anayekosa usingizi kwa wasiwasi apewe tembe ili alale? Mimi hujibu kwamba asipewe, na kinachonitia hofu si usiku wenyewe bali ni asubuhi yake.

Wengi hudhani kuwa nguvu za dawa ya usingizi huisha kunapopambazuka. Sivyo hata kidogo. Diazepamu huweza kuchukua hadi saa 48 kabla ya nusu yake kuondoka mwilini. Hata zolpidemu, isifikayo muda huo, ilizua mashaka. Mnamo 2013, idara ya Marekani inayosimamia dawa iliagiza kipimo cha wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5. Ilikuwa imebainika kuwa, saa 8 baada ya kuimeza, asilimia 15 hivi ya wanawake, na 3 ya wanaume, bado walikuwa na kiasi cha dawa damuni kiwezacho kuhatarisha uendeshaji wa gari.

Mwaka uliofuata ukawa na habari nzito zaidi. Watu wazima 91 wenye afya njema walichunguzwa kuhusu eszopikloni ya miligramu 3. Kumbukumbu na wepesi wa viungo vyao vilidhoofika kwa zaidi ya saa 11. Na mara nyingi wenyewe hawakutambua!

Hebu mwalimu apige hesabu. Mwanafunzi akimeza tembe kama hiyo saa sita usiku, saa 11 zitatimia saa tano asubuhi. Karatasi ya kwanza, iliyoanza saa mbili, itakuwa imekwisha kusanywa. Msimamizi alimwona ameketi wima, macho wazi, naye akijiona yu timamu. Tena ikiwa alizidi kudurusu kitandani baada ya kumeza, huenda asikumbuke aliyoyasoma, kwani baadhi ya dawa hizi huzuia akili kuhifadhi mambo mapya.

Nitaambiwa kwamba asiyelala naye hufanya vibaya. Nakubali. Lakini kabla ya kukimbilia duka la dawa, tutazame kengele ya alfajiri inayowaamsha watoto waliolala saa tano.

Aliyekwisha kuandikiwa dawa hizi asiziache ghafla, maana huko nako kuna hatari. Arudi kwa daktari wake, na amtajie saa ambayo mtihani huanza.