Paka Anaporudi kwa Mganga wa Wanyama

Juma lililopita mama mmoja alinijia na mashaka. Jana yake alimpeleka paka wake kwa mganga wa wanyama, achomwe sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa. Walipofika nyumbani paka alikimbilia chini ya kitanda. Mtoto akaingiza mkono amvute, naye akamparura vidole. Jioni paka wa pili, ndugu yake wa tumbo moja, alimfokea na kumrukia kana kwamba ni adui. Baba wa nyumba akasema: «Paka huyu ameharibika. Atupwe sokoni.»

Nilimwomba mama yule amsihi bwana wake angoje siku mbili tatu. Paka hakuharibika, ameogopa.

Fikirini safari yake. Mnyama huyu huijua nyumba kwa pua kuliko kwa macho. Husugua mashavu yake mlangoni, mezani na miguuni petu ili kuacha harufu yake, ndiyo alama ya kwamba hapa ni kwake. Ghafula anatiwa katika kitunga, anapitishwa kati ya pikipiki na makelele, anasikia mbwa, anashikwa na mikono asiyoijua, anachomwa. Anarudi akinuka dawa. Basi mwenzake angemtambuaje? Macho yalimwona ndugu, pua ikasema ni mgeni. Na paka huamini pua.

Wekeni kitunga chini katika chumba chenye kimya, fungueni kifuniko, mkaondoke. Atoke mwenyewe, hata ikiwa ni baada ya saa nyingi. Akijificha, mwacheni. Awekewe karibu maji, chakula kidogo anachokipenda, na sanduku la mchanga. Kitambaa anacholalia kisifuliwe siku ile, kwa maana kina harufu anayoijua. Nao watoto wanaopenda kumbeba begani wapewe kazi nyingine!

Paka wa pili atengwe kwa mlango uliofungwa, hata siku nzima. Kisha wabadilishiwe vitambaa vya kulalia, kila mmoja anuse cha mwenzake, ndipo waonane wakati wa kula, sahani zikiwa mbali. Wakipigana, msitie mkono kati yao, watengeni tena. Kumpiga aliyeogopa ni kumwongezea hofu.

Lakini si kila unyonge ni hofu. Paka aliyelazwa kwa dawa ili apasuliwe huyumba kwa muda. Awekwe mahali pa joto, asiachwe apande juu ya meza wala kabati. Asipokula kitu kwa muda wa saa 24, au akitapika bila kukoma, au akipumua kwa shida, au uso ukivimba, rudini kwa mganga upesi. Paka anayekaa siku kadhaa bila kula aweza kuharibika ini. Wala msimpe paracetamol mnayoweka kwa ajili ya homa zenu: kidonge kimoja chaweza kumwua.

Na yule mtoto? Hapo ndipo niliposhtuka mimi, kwa kuwa mama alimsahau akimwazia paka. Vidole vilikuwa vimefungwa kitambaa tu. Nilimwambia avioshe kwa maji na sabuni dakika 15, ampeleke dispanseri siku ileile. Sindano aliyochomwa paka jana haimkingi siku hiyohiyo. Kinga yake hujengeka polepole. Na kichaa cha mbwa kikianza kuonekana kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Chanjo ya kuwahi ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa. Kazi yetu ni kufika mapema.

Mama alirudi siku ya nne. Mtoto alitibiwa. Paka wanalala tena pamoja, wameegemeana. Na kitunga hakikurudishwa darini: kimeachwa wazi pembeni mwa nyumba, kimetandikwa nguo kuukuu, na mara kwa mara kipande cha dagaa hutiwa ndani, ili safari ijayo paka asikione kuwa mtego. Anayetia dagaa ni baba mwenyewe.