Dakika tano tu

Kwenye mkutano wa jamii kila mtaa unapewa dakika tano za kusema. Sisi zilitushinda. Tulisalimia wakubwa mmoja mmoja, tukaeleza safari yetu toka nyumbani, na tulipofika kwenye bomba la maji lililokufa, filimbi ikalia. Kina mama walituangalia tu.

Kusema kwa saa siyo dharau. Kule Tokyo, mwaka 2003, Astrid Klein na Mark Dytham walianzisha mtindo unaoitwa PechaKucha: picha 20, kila moja sekunde 20, jumla dakika 6 na sekunde 40. Picha inabadilika yenyewe, haimngoji msemaji. Na Juni 2018 wakimbizi wa Kakuma, Kenya, walipanda jukwaa la TEDx kambini mwao; huko nako hotuba haivuki dakika 18.

Sisi hatuna mashine ya picha. Basi safari ijayo tunaanza na bomba: liko wapi, limekufa tangu lini, familia ngapi zinachota hapo. Salamu moja kwa wote inatosha. Mama mmoja amekubali kusema. Jioni anajizoeza jikoni, mtoto anashika saa. Juzi alimaliza kwa dakika saba. Bado mbili za kupunguza.