Vumbi la Jangwani na Moshi wa Jikoni

Ndugu zetu walioko Oman hutusimulia siku ambazo mbingu hugeuka rangi ya udongo na madirisha hufungwa mchana kutwa. Vumbi hilo la jangwani lina chembe za silika ya mchanga, chokaa, udongo wenye alumini, na chuma, ambacho ndicho kinachotia wekundu. Nasi hapa Irente, wakati wa kiangazi, tukisimama ukingoni mwa jabali huliona vumbi likipanda kutoka tambarare ya Mazinde; wekundu wake nao ni wa chuma kilichoshika kutu.

Hilo twaliogopa kwa sababu twaliona. Moshi wa kuni una chembe za masizi, yaani kaboni, pamoja na mafuta ya mti yasiyoungua, na nyingi hazifiki mikroni 2.5, unywele mmoja una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe ndogo kiasi hicho hazizuiliwi na pua, bali hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Baridi ya Usambara ndiyo hutufanya tufunge dirisha la jiko, mama akiwa ndani na mtoto mgongoni. Sisi wanaume tusomao ukurasa huu, tundu la kutolea moshi juu ya ukuta ni kazi ya asubuhi moja. Lifanyike kabla ya Juni.