Kunguru Asiyependa Vita vya Panzi

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Methali hii tumeigeuza kuwa nadharia nzima ya historia. Muulize yeyote aliyepita darasa la historia Afrika Mashariki ilikuwaje wageni wachache wakatawala watu wengi, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: waliwagawa, wakawagombanisha, wakawatawala. Jibu hili linapendwa kwa sababu mhalifu anaonekana na hila yake inaeleweka. Linapendwa pia kwa sababu linafariji. Tungepatana tu, tunajiambia, nani angetuweza?

Nasema jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo ya kuogopwa. Wagawaji hodari kuliko wote hawakupenda ugomvi hata kidogo. Waliuzima. Walikuja kama wapatanishi, wakampa kila mtu chake, wakaweka amani, na kwa amani hiyohiyo wakahakikisha kwamba waliopatanishwa hawatakuwa kitu kimoja tena. Ushahidi wangu ni nchi za Wamongolia chini ya nasaba ya Qing, iliyotangazwa mwaka 1636 na Wamanchu na kuanguka mwaka 1912.

Tuanze na ugomvi wenyewe, maana ulikuwepo tele na haukuletwa na mgeni. Kufikia karne ya 17 wazao wa Genghis Khan walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na watu wake. Ligdan Khan wa Wachahar alitaka kuwarudisha wote chini ya kiti kimoja. Alitumia nguvu, na nguvu hizo ziliwasukuma ndugu zake moja kwa moja mikononi mwa Wamanchu. Alifariki mwaka 1634, mwaka uliofuata mwanawe akasalimu amri, na mwaka 1636 wakuu wa Wamongolia wa kusini wakawa miongoni mwa waliomkubali Hong Taiji wa Wamanchu kuwa kaizari wao.

Kaskazini, kwa Wakhalkha, hali ilikuwa mbaya zaidi. Machafuko yalipozuka katika eneo la Zasagt Khan, watu wake wengi walikimbilia kwa Tüsheet Khan. Zasagt Khan akadai arudishiwe watu wake, mwenzake akakataa, na kesi ikasuasua kwa miaka na miaka. Nani aliyejitokeza kuwapatanisha? Kaizari Kangxi wa Qing. Mwaka 1686 mjumbe wake alikaa na khan hao mahali paitwapo Khüren Belchir, pamoja na mwakilishi wa Dalai Lama, wakala kiapo cha amani. Kiapo hakikudumu. Tüsheet Khan alimvamia Zasagt Khan na kumuua, na katika vurugu hiyo akamuua pia ndugu wa Galdan, mtawala wa Wazungari wa magharibi. Mwaka 1688 Galdan alishuka na jeshi. Wakhalkha wakakimbilia kusini na mifugo waliyoweza kuiokoa, wakaomba hifadhi ya Kangxi. Naye akawapa chakula na malisho.

Mwaka 1691 akawaita wakutane naye Dolonnor. Hapo ndipo nadharia yetu ya kunguru inapovunjika. Mchochezi angemtia Tüsheet Khan aibu isiyofutika na kumpa adui yake kisu. Kangxi alimtaka akiri kosa, kisha akamsamehe. Mdogo wake khan aliyeuawa akapewa cheo kikubwa. Vyeo vya khan vikabaki. Watu waliokuwa wakichinjana waliketi kwenye karamu moja, wakapiga magoti mbele ya mtu mmoja, wakaondoka wakiwa raia wake. Hakuna aliyechochewa. Kila mtu alipewa.

Sasa tazama walichopewa. Kila mkuu alipata khoshuu yake, eneo lenye mipaka inayojulikana, likiwa na rundo la mawe hapa na mto pale. Mtawala wa khoshuu, aliyeitwa zasag, alikuwa wa ukoo wa kitawala wa palepale, na cheo chake kilirithiwa. Alikusanya kodi, alihukumu kesi ndogo, aligawa malisho. Chini yake watu walihesabiwa katika vikundi vilivyoitwa sum, kila sum ikikadiriwa kuwa na wanaume 150 wa kuitwa jeshini. Juu yake palikuwa na chuulgan, mkutano wa khoshuu kadhaa uliofanyika kila baada ya miaka mitatu kuhesabu watu na kuamua mashauri. Na juu ya hao wote, Beijing, palikuwa na Lifan Yuan, ofisi iliyoshughulikia Wamongolia, ikiendeshwa hasa na Wamanchu na Wamongolia wenyewe.

Uhondo wa mpango huu ni kwamba hakuna zasag aliyekuwa chini ya zasag mwingine. Khan mwenye jina kubwa alitawala khoshuu yake tu. Jirani yake mdogo, aliyekuwa zamani akimpelekea zawadi na kumfuata vitani, sasa alikuwa na muhuri wake mwenyewe, na barua zake zilipanda hadi Beijing bila kupitia kwa khan. Mfugaji aliyevuka mpaka wa khoshuu bila ruhusa alivunja sheria, na faini ilitozwa kwa mifugo. Mkuu aliyevuka alitozwa zaidi.

Na mgawanyo haukuishia hapo. Mwaka 1655 Wakhalkha walikuwa na zasag 8 waliotambuliwa na Qing. Kufikia mwisho wa utawala huo khoshuu zao zilikuwa 86. Usidhani kila mpaka mpya uliletwa na askari. Mtoto wa pili wa mkuu fulani alipigana vizuri, akatuzwa khoshuu. Mpwa fulani alilalamika kwamba hana cheo, akakatiwa kipande. Mwaka 1725 sehemu ya eneo la Tüsheet Khan ilitengwa na kuwa aimag (jimbo) ya nne ya Wakhalkha, ya Sain Noyon, kuwaenzi wakuu waliotumikia vizuri, akiwemo Tsereng, jemadari aliyekuwa mkwe wa Kangxi. Nani angepinga? Aliyepandishwa alishukuru, na aliyepunguziwa angeonekana mwenye choyo. Kila kipande kilikuwa zawadi, na kila zawadi iliwaongeza wanaomtegemea mtoaji.

Zawadi hazikuwa ardhi peke yake. Wakuu walipangwa kwa madaraja, na kila daraja lilikuwa na mshahara wake wa fedha na hariri kila mwaka. Mabinti wa ukoo wa kifalme waliozwa Mongolia, na mabinti wa Kimongolia wakaingia ikulu. Mama yake kaizari Shunzhi, ambaye ndiye bibi yake Kangxi, alikuwa Mmongolia wa Khorchin. Wakuu walikwenda kwa zamu kumwamkia kaizari Beijing. Wale ambao hawajawahi kuugua ndui waliogopa kuingia mji ule, basi kaizari akawapokea Chengde, kaskazini ya Ukuta Mkuu, kwenye hewa baridi na misitu ya kuwinda. Dola iliyofikiria hadi ndui ya wageni wake haikuwa ikiwatafutia sababu ya kupigana.

Najua pingamizi litakalokuja. Je, Wamanchu hawakutumia upanga wa Mmongolia dhidi ya Mmongolia? Walitumia. Wakhorchin walipigana na Wachahar, Wakhalkha wakapigana na Wazungari. Lakini kuteka ni kazi moja na kutawala ni kazi nyingine, na kosa letu ni kuzichanganya. Tena angalia ni nani hasa aliyepigwa. Wazao wa Ligdan waliachwa na heshima zao mpaka walipoasi mwaka 1675. Baada ya hapo Wachahar wakanyang'anywa watawala wao wa kurithi na kuwekwa chini ya maofisa wa kuteuliwa. Mwaka 1755 Qing ilipoingia nchi ya Wazungari, mpango wa kaizari Qianlong ulikuwa kuwapa khan wanne, kila tawi la Waoirat, yaani Wamongolia wa magharibi, na wake. Amursana, mkuu aliyeliongoza jeshi la Qing kuingia humo, alitaka kuwa khan wa wote wanne. Aliponyimwa, aliasi. Kilichofuata ni maangamizi. Vita, njaa na ndui vikaifuta dola ya Wazungari, na watu wake wengi mno wakafa. Upanga haukuwaendea wagomvi. Ulimwendea aliyetaka kuunganisha.

Uasi wa Chingünjav, mkuu wa Kikhalkha, unathibitisha jambo hilo. Mwaka 1756 aliwaita wenzake waache vituo vya farasi wa posta na vya ulinzi mipakani. Hasira ilikuwepo, maana vita vya Wazungari vilikuwa vimewanyonya mifugo na watu, na mkuu wa ukoo wa Genghis alikuwa ameuawa Beijing. Vituo vikaachwa kweli. Lakini wakuu wengi, kila mmoja akiwa na muhuri wake, mshahara wake na mpaka wake wa kuulinda, hawakusimama naye. Mwaka 1757 akauawa. Qing haikuhitaji kuwagombanisha na Chingünjav. Ilitosha kwamba kila mmoja alikuwa na cha kupoteza peke yake.

Aliyebaki ni kiongozi wa dini, Jebtsundamba Khutuktu, mtu pekee ambaye sauti yake ilivuka kila mpaka wa khoshuu. Wawili wa kwanza walitoka katika ukoo wa Tüsheet Khan. Baada ya uasi ule Qianlong aliamuru kwamba kuanzia hapo mrithi atafutwe Tibet. Dini haikupigwa marufuku. Iliheshimiwa, ikajengewa mahekalu. Ilikatwa tu uzi mmoja, ule uliounganisha madhabahu na kiti cha enzi.

Wapo watakaosema Wamongolia walijigawa wenyewe tangu zamani. Ni kweli. Genghis Khan mwenyewe mwaka 1206 alivunja makabila na kuyapanga upya katika vikosi vya elfu moja moja, na Dayan Khan aliwagawia wanawe watu wote aliokuwa amewaunganisha. Lakini mgawanyo huo ulikuwa na mlango. Aliyechoshwa na mkuu wake aliweza kuhamisha hema, na mkuu mwenye nguvu aliweza kuwakusanya tena waliotawanyika. Qing iliufunga mlango huo na ufunguo ukakaa Beijing.

Nitakuwa mwongo nikikana kwamba amani ile ilikuwa na faida. Kizazi baada ya kizazi kilikua bila kuona mji wake ukichomwa na binamu. Monasteri zilistawi. Kwa muda mrefu sheria iliwazuia wakulima wa Kichina kuhamia kwenye malisho, na mfanyabiashara alihitaji kibali ili kuingia, ingawa sheria hizo zilivuja. Swali ni amani hiyo iliwaacha na nini siku mlinzi alipodhoofika.

Iliwaacha kila mmoja na kipande chake. Wafanyabiashara waliwakopesha wakuu, na deni la mkuu likawa deni la khoshuu nzima, likilipwa na mfugaji kwa kondoo na sufu. Mashariki ya Mongolia ya Ndani, yaani ile ya kusini, wakulima wa Kichina waliongezeka mpaka mwaka 1891, katika fujo za Jindandao, Wamongolia wengi waliuawa na wengine wakakimbilia kaskazini. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, Beijing yenyewe ikageuka. Mwaka 1902 ilianza rasmi kufungua malisho ya Mongolia ya Ndani kwa kilimo ili ipate mapato. Wapo waliopinga kwa silaha. Lakini kila khoshuu ilipambana na wapimaji wa ardhi ikiwa peke yake, na wapo zasag waliouza wenyewe, maana sehemu ya fedha ilikuwa yao.

Desemba 1911 Wakhalkha walijitangazia uhuru na kumtawaza Jebtsundamba wa nane kuwa mfalme, mtu aliyezaliwa Tibet kwa sababu ya amri ya Qianlong. Wakuu wengi wa kusini walitaka kujiunga. Hawakufanikiwa. Mwaka 1915, kule Kyakhta, Urusi na China ziliipa Mongolia ya Nje, ile ya Wakhalkha, mamlaka ya ndani chini ya China, na ya Ndani ikaachwa nje ya mapatano. Mwaka 1946 China iliutambua uhuru wa ile ya Nje. Mwaka 1947 ile ya Ndani ikawa mkoa wa kujitawala ndani ya China, na hadi leo Wamongolia wengi zaidi wanaishi huko kuliko katika nchi yenye jina lao. Sitasema Qing peke yake ndiyo iliyosababisha haya. Urusi, Japani na mapinduzi vilichangia. Lakini mstari uliowatenganisha wa Ndani na wa Nje ulichorwa na makarani wa Lifan Yuan, na wote waliofuata waliukuta tayari mezani.

Kwa hiyo tuache kufundisha watoto kwamba dawa ya kutawaliwa ni kutogombana. Wakhalkha waliacha kugombana, na hapo ndipo walipotawaliwa barabara. Anayekuchochea umpige jirani yako unaweza kumtambua na kumfukuza. Mgumu ni yule anayewapatanisha, akampa kila mmoja cheo, mpaka na mshahara, kisha akataka jambo moja dogo tu: kwamba mkitaka kuzungumza ninyi kwa ninyi, mpitie kwake. Ukipewa amani ya namna hiyo, usiulize umepata nini. Uliza kama bado unaweza kumwendea jirani yako bila kuomba ruhusa.